Siku Nilikataa Kuonja Mutobe Yangu Kule Kavumu

Nitawaambia mimi mwenyewe, na kinywa hiki hiki kilichoniletea haya, mbele mutu wa Kavumu ashuke mu gari awaambie ya kwake, juu watu wa kule ukiwapa habari ya kijiko moja wanakurudishia sufuria nzima. Haya yenyewe nilikwisha kuizoea, tunalala nayo kitanda moja. Kwa hiyo mukae, mucheke (mucheke tu, hata wajukuu zangu wanacheka, na chakula wanakula kwangu), lakini musiondoke mbele sijamaliza, juu ile siku nusura nimuharibie mutoto wa watu ndoa yake.

Mimi ni mwanamuke wa Nyalukemba, hapa Bukavu, nilizaa watoto saba, niko na wajukuu kumi na tisa, na masomo niliachia mwaka wa tatu wa primaire juu baba alisema jembe haiulizake diplome. Lakini mu mambo ya ndizi, leteni profesa mumuweke mbele yangu. Mutobe ya mukono yangu, ile maji tamu ya ndizi mbivu mbele haijageuka pombe, watu walikuwa wanaiomba mpaka Bagira. Na mu familia yetu ni mimi nilikuwa muonjaji. Munajua desturi yetu: mukipeleka kinywaji kwa watu, mukubwa wenu anaonja wa kwanza, na mulija, mbele ya macho yote, ili wenyeji waone kama hakuna sumu ndani. Hapa kwetu mutu anaweza kukupenda, akakulilia ku matanga, na bado asikunywe maji yako kama haukutangulia kuyanywa. Wajukuu wane nilikwisha kuwaoza na ulimi huu. Nilikuwa napiga mulija mara moja, nafunga macho kidogo, nasema "Iko safi," na watu wanapiga makofi. Ilikuwa kazi ya heshima. Niliipenda kuliko ninavyoweza kuungama kwa padiri.

Sasa rejimu, ile ya kujinyima chakula, iliingia namna gani? Iliingia na magoti. Magoti yangu ilianza kulia kama mulango wa zamani, na mutoto yangu wa tatu, Espérance, akasema ni juu ya uzito. Huyu Espérance ni nitrisionisti, mwalimu wa chakula, mu ONG moja ya misaada hapa mujini, analipwa ku mwisho wa mwezi juu ya kufundisha watu wakule. Lakini mama yake mwenyewe, yeye anamufundisha asikule. Alikuja na karatasi, akakaa mu saloni yangu, akaanza kukata: bugali, toka, muchele, toka, mukate, viazi, ndizi mbivu, juisi, sukari mu chai, vyote toka. Nikangojea asikie huruma. Akaniachia mayai, samaki wadogo wa sambaza, avoka, kabichi, majani ya sombe na ya lenga-lenga, na nyama siku Mungu akikumbuka.

"Sombe nitaikula na nini?" nikamuuliza.

"Na kijiko, maman."

Sombe na kijiko! Kama dawa ya minyoo! Nikamuambia babu yake angefufuka, angerudi kufa.

Lakini mimi niko mutu wa majivuno, sitaficha. Siku ya tatu tu ya rejimu (ya tatu!) nilisimama mu mukutano wa wamama wa shirika yetu ya parokia, nikasema mimi sukari nilikwisha kuiacha, na kuacha sukari ni jambo ya moyo, wenye hawawezi ni wenye moyo mwepesi. Wakanipigia makofi. Maman Zawadi, jirani yangu, mwenye anawekaka vijiko vitano mu kikombe, akaangalia chini. Nilifurahi sana kumuona anaangalia chini. Ile furaha nimekwisha kuilipia.

Juu jioni ile ile sukari ilianza kuniita. Sikuwa najua kama sukari inaweza kuita mutu na jina la ubatizo. Ninapita ku barabara, mwanamuke anakaranga beignet, magoti yenye haitakake kutembea inageuka yenyewe upande wa beignet. Mu nyumba nilikuwa nafungua kopo ya sukari, naingiza pua, nanusa kama mutu eko ku ubani wa Paska, nafunga. Nikamuambia Espérance, akasema, "Maman, hamu ikikuja, kunywa maji, ngojea dakika kumi, itapita." Nikangojea. Ilipita, ikaenda kuita wenzake, wakarudi wengi. Akasema nitafune karanga. Nikatafuna mpaka mataya ikaniuma mu misa. Mwisho akasema, "Basi piga meno brosi, kinywa safi hakitakake sukari."

Ile njo ilikuwa dawa ya kweli. Nilipiga meno brosi asubuhi, saa ine, midi, saa tisa, mpaka nikavumbua kitu: dawa ya meno iko tamu. Siko nawaficha, nilikuwa natema nusu, nusu inaenda na njia yake.

"Maman," Espérance akaniuliza, "tube moja iliisha mu siku ine?"

"Meno yangu ilikuwa michafu kuliko ulivyofikiri," nikamujibu.

Lakini tuseme ukweli: ukitoa ile dawa ya meno, sikuiba. Bugali sikugusa, chai nilikunywa kavu, na magoti ilianza kunyamaza. Siku zilikuwa zinakaribia trente-six, thelathini na sita. Njo pale Aganze, mutoto wa kwanza wa Espérance, kijana wa kazi, mupole, mwenye kuogopa Mungu na mama yake, akasema amepata muchumba kule Kavumu, binti mwalimu, jina yake Nsimire, na tuende kumuomba.

Kinywaji ya kuomba ni mimi nilikamua, nani mwingine? Babu wa binti alikwisha kuacha pombe, njo tukapeleka mutobe. Ile siku ya kukamua, mutobe ilikuwa inanishuka ku mikono mpaka ku viwiko, inanukia, nzi na nyuki wanakuja kunisalimia, na mimi sikulamba hata kidole. Hata kimoja! Kuna watakatifu walipewa sanamu mu kanisa kwa mambo madogo kuliko ile.

Asubuhi ya safari Espérance akaniambia, ku mulango, na sauti ya pole, "Maman, leo utaonja kidogo, tone moja, haiharibu kitu."

Musikilize vizuri, juu hapa njo kosa ilizaliwa. Mutoto alinipa ruhusa. Ningesema "ndiyo," leo singekuwa na mukasa. Lakini mu gari alikuwa Maman Zawadi na mwenzake moja wa shirika, wamekuja kutusindikiza, na Maman Zawadi akanicheka kidogo na meno, akasema, "Leo tutaona kama trente-six itafika trente-sept." Nikasikia moto. Na tena, ndani kabisa, nilikuwa najijua: tone moja ikigusa ulimi wangu, sitajibu kwa mambo yenye itafuata. Basi pale mu gari, bila kuuliza mutu, nikaamua: sitaonja. Shemeji yangu Déo, musemaji wetu, ataonja. Kinywa si ni kinywa? Na nikashika vizuri sakoshi yangu, mukoba wenye nilikuwa nimeweka mayai sita ya kuchemusha na avoka mbili, juu nilijua kule watatuwekea bugali.

Tukafika Kavumu. Watu walikuwa wengi, viti vya plastiki vimepangwa mu kiwanja mistari miwili, wao huku, sisi huku, kama timu za mupira. Mbele alikaa babu ya binti, Muzee Mudekereza, mukonda, kofia ku kichwa, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake shangazi ya binti, mwanamuke munene wa sauti ya kengele, mwenye alituhesabu moja moja tuliposhuka. Nsimire mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya rido, pazia ya mulango. Ilionekana tu vidole vinashika rido.

Déo akasimama, akasema vizuri, masemi ya asali, mpaka nikafikiri anamuomba binti kwa ajili yake mwenyewe. Akaweka kibuyu katikati, akachomeka mulija, akasema, "Na sasa mama yetu mukubwa, mwenye alikamua hii mutobe na mikono yake, ataonja mbele yenu."

Macho yote kwangu. Kibuyu kilikuwa wazi, na ile harufu, ndugu zangu, ilitembea kutoka kule katikati, ikapita wengine wote, ikakuja kukaa ku mapaja yangu kama mutoto. Nikashika kiti. Nikasema, na sauti ya juu kuliko nilivyotaka:

"Mimi sikunywi hii. Muanze nyinyi."

Nilisema "muanze nyinyi"! Mwanamuke wa miaka yangu, mwenye alioza wajukuu wane! Mate ilikuwa imenijaa, nilitaka tu neno litoke mbele mate itoke. Hata kuku, nafikiri, zilisimama.

Shangazi akainamisha kichwa. "Unasema je, mama?"

"Déo ataonja."

"Ni nani alikamua?"

"Ni mimi."

"Na wewe njo hautaki kuikunywa."

Hapo nikaona nimeingia mu matope, na jasho ikaanza kunishuka, nikaingiza mukono mu sakoshi nitafute kitambaa, nikavuta kitambaa, na yai moja ikatoka nayo. Ikaanguka. Haikupasuka (nilikuwa nimechemusha vizuri, bahati mbaya), ikajiviringisha polepole ku simenti, ikapita mistari yote miwili, ikaenda kusimama ku kiatu cha Muzee Mudekereza.

Muzee akaiangalia. Akaigusa na fimbo. "Hii ni nini?"

"Ni yai, muzee."

"Ya nani?"

"Ya kwangu."

Shangazi akafika mbele yangu, akachungulia mu sakoshi, akageuka kwa watu wake. "Iko ingine tano! Na avoka! Bamekuya na chakula yabo!" Akaniangalia, mikono ku kiuno. "Mama, njo utuambie wazi. Chakula yetu unaogopa, na kinywaji yenu pia unaogopa. Munatuogopa, ao munataka tuwaogope?"

Espérance akasimama haraka kunitetea, na ninamupenda, lakini masomo haisaidiake kila fasi. Akaanza na ile sauti ya kazi: "Mutusamehe, wazazi. Maman eko na rejimu. Hakulake bugali, hakulake muchele, hakulake mukate wala sukari, ni chaguo yake, ni kwa afya."

"Kwenu bugali hakuna?" Muzee akauliza.

"Iko, muzee. Iko mingi."

"Na hakuli."

"Hakuli."

"Kwa mapenzi yake."

"Ndiyo."

Muzee akafikiri. "Binti yangu," akasema, "mimi nilizaliwa mbele ya barabara hii. Nimeona vita, nimeona njaa, nimeona watu bakikimbia na sufuria ku kichwa. Mutu mwenye eko na bugali mu nyumba na anaikataa kwa mapenzi yake, yule sijamuona. Kama unataka kudanganya muzee, tafuta uongo mwenye amevaa nguo."

Watu wao wakaanza kusimama. Neno "sumu" likapita mu viti, kimyakimya, kama panya. Mwanamuke moja akavuta mutoto wake mbali na kibuyu. Déo akasema ataonja yeye, akashika mulija, Muzee akamuzuia na fimbo. Nikamuangalia Aganze. Alikuwa amekaa na kositimi yake mupya, mikono mu mapaja, haniangalii, anaangalia rido. Na nyuma ya rido vidole havikuwa vinaonekana tena, ilisikika tu mutu anavuta kamasi. Mutoto hajaiba, hajatukana mutu, na mimi nimemuvunjia nyumba mbele haijajengwa, juu ya kutaka Maman Zawadi aangalie chini mara ya pili.

"Muzee," nikasema, "nipe mulija."

"Ndiyo," akajibu. "Ule alikataa njo ataonja. Akionja, tutakaa. Asipoonja, mukamate kibuyu yenu na mayai yenu, barabara ya Bukavu iko wazi."

Nikapiga magoti (ile magoti!) mbele ya kibuyu. Nikajiambia: mara moja, funga macho, sema "Iko safi," rudi ku kiti. Nikavuta.

Sijui niwaelezee namna gani. Siku trente-six. Ilipogusa ulimi nilisikia masikio yanafunguka, nikaona mama yangu, nikaona shamba letu la zamani, nikasikia kama mutu amewasha taa mu vidole vya miguu, na kichwa ikaniambia "acha," na kinywa ikaiambia kichwa "nyamaza wewe," na nikavuta, na nikavuta, nilisikia Déo anasema "Inatosha, mama," nikasikia Espérance anasema "Maman!", nikasikia Maman Zawadi anahesabu (alikuwa anahesabu kwa sauti, yule nyoka), na nikaendelea kuvuta mpaka kibuyu chenyewe kikalalamika, krrrrr, ile sauti ya chini kabisa, yenye kila mutu anaijua.

Nikatoa mulija. Nikasema, "Iko safi."

Hakuna aliyepiga makofi. Déo akashika kibuyu, akakitikisa ku sikio. Akakigeuza. Tone moja ikaanguka ku simenti, na munajua, Muzee lazima akunywe mu kibuyu ile ile njo ombi ikubalike, na sasa Muzee alikuwa anaangalia lile tone linakauka. Kila mutu alikuwa anangojea mimi niombe musamaha. Nilifungua kinywa niombe musamaha. Sukari ilikuwa imenipanda, na ile mutobe, na jua ya njia yote, ilikuwa imeanza kugeuka pombe kidogo. Kwa hiyo musamaha haikutoka. Niliuliza:

"Haiko ingine mu gari?"

Muzee Mudekereza ndiye alianza. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha kofia ikaanguka, kisha akakohoa mpaka wakamupiga ku mugongo. Na mistari yote miwili ikapasuka na kicheko. Shangazi alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwako. Hata kule nyuma ya rido nikasikia mutu anacheka na kamasi.

"Sasa naamini," Muzee akasema akipangusa macho. "Sumu haikunywakwe hivi. Rejimu ni kweli. Masikini mama wa watu, bamemufanya nini kule muji?"

Lakini desturi ni desturi. Akasema kibuyu kitupu hakiombake binti, turudi Jumapili yenye kufuata na vibuyu viwili, kimoja cha kuomba, kimoja cha kufunga kinywa changu. Kisha wakaleta chakula juu hawawezi kuturudisha na njaa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanguka, nikaona nianguke mpaka chini: nilikula bugali ya wanaume wawili, na mikono yangu, sombe ikaonana tena na mwenzake, na nikalala palepale mu kiti, kinywa wazi, mbele ya bakwe. Ninajua juu kuna video. Ilifika mu groupe WhatsApp ya familia mbele sisi tufike Nyalukemba. Mu shirika haikuhitaji video. Maman Zawadi aliieleza akisimama, na mikono, na ile krrrrr anaifanya vizuri kuliko kibuyu.

Mu gari Aganze alikaa pembeni yangu. Tulipopita pale kijijini Miti, akasema, "Koko, ulikuwa unaweza kuniambia kama hautaki kuonja. Ningemuambia Muzee mbele." Ni yote. Singetaka anitukane, lakini ingeniuma kidogo kuliko ile.

Jumapili tulirudi. Nilikamua tena, kibuyu tatu, mutu asije akakosa. Na walipoweka kibuyu katikati, Déo hakuniita mimi. Aliita Espérance. Akapiga magoti, akavuta mara moja, akafunga macho kidogo (nani alimufundisha kufunga macho?), akasema, "Iko safi," na watu wakapiga makofi, Muzee akakunywa, shangazi akapiga vigelegele, na Nsimire akatoka nyuma ya rido, na akaja kunisalimia mimi wa kwanza, ananiangalia ku macho, anajizuia kucheka. Binti muzuri. Aganze alipata mwenye anamufaa.

Mimi nilipiga makofi na wengine. Nilikuwa nimekaa mustari wa nyuma, na glasi ya maji.

Rejimu ninaifuata mpaka leo, juu magoti haina makosa. Lakini sasa nikifika kwa watu, ninasema ku mulango, mbele sijakaa: mimi sukari inanishinda, musiniweke karibu na kibuyu, na mayai yangu iko hii hapa. Wanacheka, yanaisha. Ingenikosti nini kusema vile kule Kavumu? Hakuna. Majivuno tu. Mutu mwenye anaonjea wengine asikuje na njaa, na mutu mwenye njaa asione haya kuisema.

Wajukuu kumi na ine wanabakia bila ndoa. Nimeapa, mbele ya Mungu na mbele ya Espérance, kama ku kinywaji ya ndoa sitashika tena mulija, hata familia nzima ikuje kuniomba na machozi.

(Hawajakuja.)